Kanda ya Vyerehani

Mwenzangu mmoja ofisini alinitumia kwa simu dakika kumi na moja za kelele, akitaka nicheke. Madumu yanajazwa maji, yanagongana, kisha sauti zile zile zinarudi kinyumenyume, polepole, mpaka unasahau kwamba ni madumu. Nilicheka kweli. Halafu nikarudia, nikarudia tena, na chai yangu ikapoa mezani.

Mtunzi wake alikuwa mtu wa majaribio, hana ngoma wala gitaa. Zamani alipita mitaa ya Kigali na kinasa sauti, akakata kanda kwa wembe na kuziunga upya anavyotaka, akagawa nakala chache mkononi, basi. Nikaanza kuzisaka. Nilipekua masanduku ya redio mbovu sokoni Nyabugogo, nikasumbua watu kwa simu, na kila nilipopata moja nilijigamba mtandaoni kwa wapenzi wenzangu wa muziki huo hadi wakanichoka. Naona aibu kuandika haya, lakini kusikiliza kuliacha kunitosha. Nilitaka ziwe zangu, na wengine wazikose.

Iliyobaki ilikuwa moja, ya vyerehani, iliyorekodiwa mtaa wa Biryogo. Nilimpata fundi ambaye vyerehani vyake ndivyo vilivyorekodiwa, mzee wa kanzu na kofia, angali anashona kwenye kibaraza kile kile. Alinipa bila hata kuniuliza jina.

"Iko moja tu," alisema. "Utarudisha Ijumaa, nikitoka kusali."

Nyumbani niliitia kwenye mashine. Cherehani kinaanza kimoja, vinakuwa viwili, kisha vyote vinapasuka pamoja kama bisi sufuriani. Katikati mwanamke anamgombeza mtu kwa kupoteza mkasi, halafu anacheka. Nywele zilinisimama. Nikajua siirudishi. Kumpa nakala ningeweza, ila ndani ya wiki moja ingekuwa kwenye simu za Biryogo nzima, na mimi ningebaki na nini?

Ijumaa nilikwenda na uso wa msiba.

"Mzee, nisamehe. Mashine imeitafuna ile kanda, hata kabla sijainakili. Imekatika vipande vipande."

Akachomoa sindano kwenye kitambaa, akaichomeka tena pale pale.

"Yule mwanamke mule ndani iko mke yangu," alisema. "Alishafariki. Sauti yake sina mahali ingine."

Nafasi bado nilikuwa nayo. Ningesema nimemdanganya, kanda iko nyumbani kwangu, na pikipiki ingenipeleka na kunirudisha kabla ya alasiri. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Pole sana, mzee."

Kumbe yeye ndiye aliyenihurumia. "Nta kibazo, hakuna shida, mwana," alisema. "Kanda ilikuwa mzee kama mimi. Si wewe."

Akaingia ndani, akatoka na redio yake ya kanda, imefutwa vumbi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Alisema kanda nyingine hana, na kuitazama ikikaa kimya kutamuumiza. Mimi napenda sauti hizi, basi niende nayo.

Mashine yangu ilikuwa imeanza kukwaruza. Redio yake ilikuwa nzima. Nikaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama nilivyolelewa.