Korti Ilisema Sipatikani

Namba ya kesi nilitumiwa kwa simu na baba ya mtoto wangu. "Ingia online ujisomee. Mtoto ni wangu sasa." Hatukuwa tumeongea tangu nihame Gatwekera nikaja Kawangware, huku sehemu inayoitwa Kongo, na msichana wetu wa miaka mitatu mgongoni.

Nilienda saiba ya hapa Kabiro, duka la intaneti, nikiwa nimembeba hivyo hivyo. Orodha ya kesi iko wazi, yeyote anaweza kuisoma, lakini kesi za watoto hazina majina. Ni namba na herufi mbili tatu. Nilimtafuta mtoto wangu kwenye herufi nikampata. Kufungua faili yenyewe, ilibidi dada wa saiba anisajili kwa kitambulisho changu.

"Siz, mlalamikiwa ni wewe?"

"Mimi ni mama yake."

Akasogeza kiti chake mbali kidogo. Nikasoma peke yangu.

Mtu wa kupeleka hati za korti aliapa kwamba alifika nyumba yangu ya zamani mara mbili. Jirani akamwambia nilirudi ocha, kijijini, haijulikani nitarudi lini. Basi korti ikaruhusu tangazo liwekwe gazetini. Gazeti! Mimi gazeti naliona likifunga nyama. Siku ya kesi sikutokea, hakimu akampa baba mtoto, akabidhiwe mwisho wa mwezi. Kurasa tisa, na hakuna palipoulizwa huyu mtoto anaamkia nini asubuhi.

Jirani nilimjua. Tuligawana ukuta wa mabati miaka minne. Pale kwa ploti, kwenye vyumba vya kupanga, tulikuwa na sheria yetu: mwanaume mgeni mwenye bahasha akiuliza mtu, huyo mtu ameenda ocha. Nilimficha yeye hivyo mara nyingi. Nilipohama, sikumwambia aache kunificha.

Nikatembea hadi Gatwekera. Alikuwa anapepeta omena. Akamkumbatia mtoto kwanza.

"Si nilikuokoa! Jamaa alikuwa amechomekea shati kama karao, polisi kabisa."

"Uliniuza."

"Na ni nani alinifunza, kama si wewe?"

Nikamwambia aape kwa maandishi kwamba alidanganya, kwamba alijua niko Kawangware. Akaweka ungo chini.

"Niambie korti mimi ni mwongo? Wakinishika, hawa watoto wangu utawalea wewe? Zii, siz."

Nilimtukana mbele ya ploti nzima, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alinikazia leso ya mtoto mgongoni, akarudi kwa omena yake. Hapo ndipo nilipoumia.

Kesho yake nilirudi saiba. Nikaandika kiapo changu kwa Kiswahili cha shule: niko, sijawahi kupotea. Wakili mwenye ofisi ghorofani juu ya saiba akaniapisha. Nikaambatisha kadi ya kliniki ya mtoto yenye mihuri ya Kawangware, na ombi la kusimamisha amri.

"Shahidi ni nani?" dada wa saiba akauliza.

"Hakuna."

Akaacha nafasi ya shahidi wazi, akabonyeza tuma.

Siku ya tatu faili ilikuwa na ukurasa mpya. Amri imesimamishwa, mtoto akae na mimi mpaka hakimu anisikie. Nilisoma mara mbili, nikatoa simu nimwambie mtu. Namba iliyonijia kichwani ilikuwa ya jirani. Niliiangalia hadi skrini ikazima, nikambeba mtoto tukaenda nyumbani.