Dawa ya Mahindi: Vile Tembe za Eldoret Zilivuka Malaba

Wakuu, salamu kutoka huku nyanda za juu. Mvua imetushika na chai iko mezani.

Nimesoma uzi wa jana ambapo jamaa alisema sisi hatujawahi kutengeneza dawa ya maana, kazi yetu ni kubandika lebo tu. Nikaona heri niseme ile nilishuhudia, kwa sababu nilikuwa ndani.

Sitaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana watoto wa wenyewe wako humu.

Ilikuwa miaka ya themanini, wakati wa chama kimoja. Mimi ni mtu wa kutoka ziwa. Nilikuja Eldoret na diploma mpya na sanduku la mbao, nikapanga chumba mtaa wa West Indies, nikapata kazi kwa kiwanda kidogo cha dawa.

Mwenye kiwanda tumwite Mzee Kosgei. Mfamasia, mtoto wa mkulima wa Chepsaita. Alisomea ng'ambo, akarudi, akauza sehemu ya shamba aliyorithi ili anunue mtambo mzee wa kupiga tembe. Ndugu zake walimnunia miaka mingi kwa hiyo.

Tulitengeneza generics. Zile dawa ambazo patent, ile haki ya kampuni kutengeneza peke yake, iliisha zamani: za maumivu, za minyoo, na zaidi za malaria. Dawa ni ile ile ya makampuni makubwa, lakini bei hata mwalimu wa primary anaweza.

Sasa shida yenyewe.

Poda ya dawa ukiibana peke yake haishikani vizuri. Lazima uchanganye na starch, yaani wanga, ndiyo tembe ikae imara kwa mkono na ipasuke ikifika tumboni. Starch yetu ilitoka Ulaya.

Mwaka mmoja ikakwama. Import licence haikutoka, pesa za kigeni hakuna.

(Vijana, siku hizo hukusema serikali imechelewesha. Ulisema karatasi bado ziko njiani, na kwanza uliangalia nani amekaa nyuma yako.)

Na ilikwama wakati mbaya. Hospitali za misheni kule Uganda, nchi ikitoka vitani, zilikuwa zinatafuta mtu wa kuwauzia tembe za malaria. Kampuni kubwa ya Ulaya ilikuwa inataka hiyo tenda. Mzee Kosgei naye alikuwa ameshaahidi samples.

Alituita ofisini. Mama Jepchumba, mkubwa wa lab yetu, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Tumezungukwa na mahindi kutoka hapa mpaka Turbo, na tunangojea starch ya meli?"

Mimi nilikuwa wa kwanza kupinga. Nilisema starch ya dawa si unga wa ugali. Mzee akasema tujaribu.

Tulileta mahindi meupe kutoka Chepsaita. Tukaloweka, tukasaga, tukachuja, tukaosha tena na tena mpaka ikatulia chini nyeupe kama maziwa. Kukausha ndiyo ilitutesa. Baridi ya Eldoret mnaijua. Mzigo wa kwanza ulishika kuvu wote, tukautupa. Ikabidi fundi wa vyuma atujengee rafu kwa chumba kilichopakana na boiler, ili joto lililokuwa linapotea bure litukaushie.

Tukapiga tembe. Za kwanza ukizisugua na kidole zinarudi unga. Tukabadilisha, zikatoka ngumu kama kokoto. Unaweka moja kwa maji, unaenda kunywa chai, unarudi inakuangalia tu.

Habari ikatoka nje. Mjini wakaanza kutuita watu wa dawa ya mahindi. Maduka mengine yakarudisha katoni zetu, hata zile za zamani zilizokuwa na starch ya Ulaya.

Mke wangu Atieno alikuwa nurse. Akaniambia akina mama wanakataa tembe zetu wakizitambua, wanataka za wazungu. Halafu akaniuliza, bila hasira, "Apiyo akishikwa na malaria, wewe utampa hiyo?"

Apiyo ni binti yetu. Hilo swali nilienda nalo kazini.

Mimi na Mama Jepchumba tulibishana wiki nzima. Mimi nilitaka starch ipikwe uji mzito, ishike. Yeye alitaka ibaki kavu, ili tembe ifunguke. Mzee Kosgei akachoka na kelele yetu, akasema, "Si mfanye yote mawili?"

Tulicheka. Kisha tukaacha kucheka, tukaangaliana.

Tukagawa starch. Sehemu tukapika uji wa kushikanisha poda. Ingine tukaiweka kavu mwishoni kabisa, kabla ya kubana. Baadaye nilijua kuna viwanda vya nje vilifanya hivyo pia, lakini vipimo vya mahindi yetu na baridi yetu havikuwa kwa kitabu chochote. Tulivitafuta wenyewe, batch baada ya batch, mpaka tembe zikatoka laini, imara, na kwa maji zikachanua kama ua.

Dr. Mugisha, mnunuzi wa zile hospitali, alikuja mwenyewe. Alitoa mfukoni tembe za ile kampuni ya Ulaya, akaomba glasi mbili za maji. Yetu ilifunguka kwanza. Hakutabasamu. Alisema stoo zake ni za mabati na unyevu ni mwingi, kwa hivyo ataweka tembe zetu huko msimu mzima wa mvua, kisha azipeleke lab ya ng'ambo bila kuwaambia zimetoka wapi.

Tukangoja.

Katikati ya kungoja, Apiyo akashikwa na malaria. Batch moja ya tembe niliipima mwenyewe, na Mama Jepchumba akaipima tena. Nilileta tembe zetu nyumbani. Atieno aliniangalia usoni. Akasaga moja na sukari, akampa.

Homa ilishuka. Alipomaliza dozi alikuwa anakimbizana na kuku wa jirani.

Dr. Mugisha aliporudi, Mzee alisimamisha mtambo, akatuita wote uani mpaka mpishi na askari wa gate. Mgeni akasema tembe zimepita kila kipimo. Kisha akaongeza, "Wale wa lab waliniuliza zimetengenezwa nchi gani ya Ulaya."

Mama Jepchumba alifunika uso na kitambaa chake. Mzee Kosgei alianza kuomba kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kinandi. Mimi Mjaluo nilisema amina kama nimeelewa yote.

Tenda ikawa yetu. Lori lilipotoka kuelekea Malaba, mpakani na Uganda, tulilisindikiza kwa miguu hadi barabarani. Na ile kampuni ya Ulaya? Ilishusha bei ya tembe zake hata huku kwetu. Mama wa kijijini aliyetaka za wazungu sasa alizipata kwa bei nafuu, kwa sababu sisi tulikuwepo.

Somo langu, wakuu: majivuno bila kipimo ni kelele. Lakini ukifanya kazi ikapimika, lab haiulizi kabila wala passport.

Kama uliwahi kufanya kazi kiwandani miaka hiyo, Eldoret, Kisumu, Thika, popote, andika hapa chini mlitengeneza nini. Na kama unaona nimetia chumvi, uliza. Niko hapa, nitajibu kila mtu.