Chura wa Mtungini

Enzi zetu pale Sepuka, Singida, utabiri wa hali ya hewa ulikuwa kazi ya chura. Akilia jioni, kesho yake watu wanapanda mtama hata kama udongo ni mkavu, maana mvua haikuwahi kumuumbua. Na kila siku ya kupanda, Bibi alichinja jogoo. Shida ilianzia hapo kwenye jogoo.

Mwaka mmoja chura alichelewa, na mimi na binamu yangu Zuhura tulikuwa tumechoka kula mboga ya mlenda, tunamtamani jogoo. Zuhura akaingiza kichwa kwenye mtungi mtupu nyuma ya zizi, akakoroma kama chura. Alikuwa na kipaji, Mungu anisamehe. Bibi akatoka, akasikiliza, akatabasamu. Babu akamwambia asubiri kwanza.

"Chura adanganye ili iweje?" Bibi akamjibu. "Kwani anagombea udiwani?"

Asubuhi debe letu pekee la mbegu likaingia ardhini. Majirani nao wakafuata. Tukala jogoo, tukalamba na vidole.

Kisha jua likawaka siku kumi. Kuku wa Singida mnawajua, hawangoji kukaribishwa. Walifukua mbegu, nasi tukashinda shambani tukiwafukuza kwa fimbo. Bibi alisimama mlangoni akitazama mbingu, na nikajua njaa ya mwaka huo tumeileta sisi. Niliogopa sana. Zuhura aliomba msikitini, mimi kanisani, ili tusikose mlango.

Siku ya kumi na moja ikanyesha. "Si niliwaambia?" Bibi alisema. Alifariki bila kujua chura wake alikuwa nani.

Siku hizi mbuga walimolilia vyura imeshaungua kwa moto mara mbili, na wao sijui walihamia wapi. Binti yangu anatabiri kwa simu.

"Mama, leo wameweka wingu hapa."

Wingu liko kwenye simu, shambani halipo. Msimu huu nimepanda mara mbili kwa kuliamini, na mbegu zote zimekauka. Nimebakiwa na debe moja.

Juzi jioni niliingiza kichwa kwenye ndoo ya plastiki, nikakoroma. Binti yangu akanirekodi, akacheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Kisha nikasimama mlangoni, nikatazama mbingu kama Bibi. Zamani tulidanganya, na mvua ikaja kutufichia aibu. Sasa debe liko hapo miguuni pangu, na sijui hata nimdanganye nani.