Mama Alimkuta Bwanangu Akioga, Sasa Anadai Mbuzi

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana bwanangu naye anafuata hii page.

Nina miaka 34, naishi Pioneer hapa Eldoret, na nina mimba ya miezi minane. Ni ya kwanza, baada ya miaka saba ya kungoja. Kwetu ni Kakamega. Bwanangu ni Mluhya pia, ila yeye alizaliwa na kulelewa mjini. Mama alikuwa aje kuniogeshea mtoto nikijifungua, na jirani alishatupa chumba cha kumlaza, kwa sababu kwetu mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake.

Kosa ni langu, nakubali. Nilitaka mama naye aonje raha kabla mtoto afike, nikatafuta resort moja mpya mbele ya Moiben, zile za kutunza mazingira. Nyumba za udongo, taa za sola, mboga unachumiwa shambani ukiona. Nilichukua nyumba mbili, ya mama mbali na yetu, nikajiona nimefikiria kila kitu. Bafu ndilo sikuuliza. Kule bafu liko nje. Halina paa wala mlango, ni mawe tu yamepangwa yakafika magotini, eti mgeni aoge akiangalia miti.

Asubuhi mama, ambaye hajui kukaa bure, alitoka kwenda kuona ng'ombe. Njia ya ng'ombe inapita nyuma ya nyumba yetu. Akakata kona, akakutana ana kwa ana na mkwe wake, povu kichwani, anaimba pambio. Nilimpata mama kwa geti, leso usoni, anapanda boda boda. Hata chai hakunywa.

Alipofika nyumbani alinipigia. "Sina hasira na yeye, mwanangu. Lakini nimeona kitu sipaswi kuona. Sitashika huyo mtoto mpaka alete mbuzi wa kuondoa huo mkosi, kwa mkono wake mwenyewe."

Bwanangu kusikia hivyo akawaka. "Mimi ndio nilionwa, alafu mimi ndio nilete mbuzi? Si yeye ndio aniletee? Na mama yako ni mtu wa kanisa, hayo mambo ametoa wapi?"

Nikamfikishia mama. Akajibu, "Hata kanisani watu huomba msamaha."

Jamani nimechoka. Kila mmoja ananiambia nimwambie mwenzake, na miguu yangu imevimba. Bwanangu anasema tutaandika msichana wa kazi. Msichana atajua nini kuhusu kitovu cha mtoto? Na wale wa resort wamenitumia ujumbe wakiuliza kama tulifurahia mazingira. Nilitaka kutupa simu.

Nimefikiria kununua mbuzi mwenyewe na kumwambia mama ametoka kwa mkwe wake. Lakini mama anaamini huyo mbuzi ndiye atamkinga mtoto, na nikimdanganya kwa hilo sijui nitamwangalia vipi machoni.

Jana alipiga simu tena, akauliza kama mtoto anacheza. Nikasema anacheza. Akasema, "Mwambie nyanya yake anamsalimia."

Zimebaki wiki nne. Nyinyi mlio na wakwe, nishaurini: nimdanganye mama, nigombane na bwanangu, au nizae bila mama yangu?