Chumba Kisicho na Komeo

Nilimkuta mama mwenye nyumba ya wageni anamburuta rafiki yangu kwa miguu.

Mchana kweupe. Ukungu umeshuka mpaka uani, mvua inanyunya, na Stephano kalegea kama nguo mbichi. Mgongo wake unakwaruza sakafu na yeye hata hashtuki.

Moyo ukaniambia, Cosmas, yale maneno ni ya kweli.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi na Stephano ni mafundi wa sola, maskani yetu Morogoro. Julai tulipata kazi ya kufunga pampu ya maji Vuga, tukaona tulale Lushoto mjini. Ile baridi ya Lushoto mwezi wa saba, wewe isikie tu kwa watu.

Dereva bodaboda mmoja, Idrisa, akatuambia kuna nyumba ya bei nafuu nyuma ya soko. Kuta za mawe, za zamani. Ua umejaa maua, kuku wanazurura, jikoni kunanukia chai ya tangawizi.

"Chakula chake kitamu," Idrisa akasema. "Ila nyie muwe macho."

"Macho kwa nini?"

"Kuna watu walilala pale hawakuamka. Mengine msiniulize, mimi ni jirani yake."

Stephano akacheka. Mimi sikucheka.

Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mfupi, ushungi wa kahawia. Wote wanamwita Mama Husna.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni, mmepigwa na baridi nyie."

Akatupakulia ugali, maharage ya nazi na mboga za majani. Akatupa mablanketi mazito. Akatutandikia mwenyewe. Kwa kweli nilijisikia niko kwa shangazi.

Mpaka nilipotaka kufunga mlango wa chumba changu.

Hakuna komeo. Matundu ya misumari yapo, komeo limeng'olewa. Chumba cha Stephano vilevile.

Nilimfuata jikoni. "Mama, mbona milango haifungwi kwa ndani?"

"Kwangu haifungwi," akajibu. Akaendelea kuchambua mchele.

Stephano naye akaomba jiko la mkaa apashe chumba joto. Yule mama akaacha ungo.

"Moto kwenye chumba changu? Hapana. Usiniombe tena."

Sauti ilibadilika mpaka tukatazamana.

Asubuhi nikiwa bado kitandani, mlango ukasukumwa bila hodi. Mama Husna kasimama hapo kizingitini. Anavuta hewa kwa pua, kama mtu anayenusa chungu kinachoungua.

"Umeamka?" akauliza.

"Nimeamka, mama."

"Alhamdulillahi."

Akaondoka. Nikamsikia anaingia kwa Stephano. Swali lile lile. Alhamdulillahi ile ile.

Jamani, mtu anayeshukuru namna hiyo kwamba umeamka, alitegemea nini?

"Oya, tuhame," nikamwambia Stephano.

"Acha uoga, mwanangu. Bi mkubwa mpweke tu huyo."

Tukaenda zetu Vuga. Kabla ya adhuhuri mvua ikatuvuruga, kazi ikasimama, tukarudi tumelowa mpaka mifupa. Stephano anatetemeka, meno yanagongana. Akasema anajilaza kidogo. Mimi nikaenda sokoni kununua soksi kavu. Kule mvua ikanibana chini ya turubai la muuza viazi, nikakaa sana.

Niliporudi ndipo nikakuta niliyokwambia.

Nusu ya mwili wa Stephano iko barazani, nusu bado ndani. Mama Husna kamshika vifundo vya miguu, anavuta, ushungi umemvuka, anapayuka Kishambaa mfululizo. Sikielewi hata neno. Nikajua ni uganga huo.

"Mwache!"

Akageuka. Macho yake, jamani. Nilikimbia nikamsukuma kwa mabega yote mawili, akaangukia kwenye maua.

Nikamkamata Stephano kwapani, nikamrudisha ndani. Nikaubamiza mlango. Komeo hakuna, basi nikasukuma kitanda mpaka kikaukaba.

Pumzi juu juu. Nikashukuru Mungu nimewahi.

Chumba kilikuwa na joto zuri. Ukitoka kwenye ile mvua, unaona umeingia peponi. Pembeni kuna jiko la mkaa, makaa mekundu, hayana hata moshi. Kumbe jamaa alilichukua jikoni kimyakimya. Dirisha kalifunga, upenyo kauziba kwa taulo. Nikasema moyoni, angalau hajalala na baridi.

"Stephano! Steve, amka!"

Nikampiga makofi. Mdomo wazi, povu kidogo. Anapumua kwa mbali sana.

Nje yule mama anagonga mlango kama kichaa. Bado ni Kishambaa. Neno moja tu ndilo nililolidaka: moto.

Anataka kutuchoma.

Nikakiegemea kile kitanda kwa nguvu zangu zote. Nikatoa simu nimpigie Idrisa. Vidole havitii. Kichwa kinagonga kama kuna mtu anatwanga ndani. Nikaona kichefuchefu, magoti yakaisha nguvu, nikajikuta nimekaa chini bila kuamua kukaa.

Nikawaza, amenirushia kitu. Uchawi wake umenifikia.

Kisha dirisha likapasuka.

Mchi wa kutwangia uliingia pamoja na vioo. Halafu mkono wa Mama Husna ukaingia, unavuja damu, unachomoa vipande kimoja kimoja. Baridi ikamiminika ndani. Safari hii akapiga kelele kwa Kiswahili:

"Mkaa unaua! Ondoa kitanda, mwanangu! Mkaa!"

Hapo ndipo nilipoelewa.

Nilikuwa nimejifungia na muuaji, na aliyekuwa nje ndiye mwokozi.

Nilijaribu kunyanyuka, sikuweza. Nakumbuka Idrisa, kaja mbio kwa zile kelele, anausukuma mlango pamoja na kile kitanda, nakumbuka matope usoni, mvua, na hewa. Hewa tamu, sijui nikueleze vipi.

Hospitali walimwekea Stephano oksijeni. Daktari alisema moshi tunaouona una nafuu, kwa sababu unakukohoza unatoka. Ule wa makaa yaliyokolea hauonekani wala haunuki. Unakulaza tu.

Stephano aliamka kesho yake. Mpaka leo mkono wake wa kulia unatetemeka akishika bisibisi. Lakini yupo.

Nilimkuta Mama Husna kwenye benchi nje ya wodi, mkono umeshonwa. Nikapiga magoti pale pale kwenye korido.

"Mama, nisamehe. Nilidhani…"

"Najua ulichodhani. Mji mzima unadhani."

"Idrisa alisema kuna watu hawakuamka kwako."

"Husna wangu," akasema. "Na mwanawe. Walikuja kunisalimia, baridi kama hii. Wakaingiza jiko, wakafunga komeo."

Nikainuka, nikakaa kando yake kwenye benchi.

"Jua lilipanda, mimi nikapita mlangoni kwao. Nikapita tena. Nikasema waache walale, wamechoka na safari."

Akautazama mkono wake uliofungwa.

"Sasa simwachi mtu alale."

Ndugu msomaji, wewe uliyeko Lushoto, Njombe, Makete, kokote kwenye baridi kali: jiko la mkaa lisilale na wewe chumba kimoja. Usidanganywe na makaa yasiyotoa moshi. Ongeza blanketi, vaa soksi, jikunyate mpaka asubuhi.

Na ukimwona mtu anapiga kelele kwa lugha usiyoijua, kabla hujamfungia mlango, muulize kwanza anasema nini. Mimi sikuuliza. Nimebaki hai kwa sababu mama mmoja alikataa kuacha kugonga.