Fundi Aliyeanza na Pawa Saplai

Wiki hii tumemzika Mombasa fundi wa kompyuta ambaye wasomaji wangu wamefaidi akili yake bila kumjua. Kila mliponiandikia kuuliza namna ya kumuungia kijana kompyuta ya michezo kwa fedha kidogo, majibu niliyowapa yalitoka kwake. Alikuwa Mbajuni wa Koyama, kisiwa cha pwani ya kusini ya Somalia. Amekufa kwa maradhi ya figo, kitandani kwake, mkewe akimsomea Yasini, na kwa mtu aliyepitia aliyoyapitia yeye, kufa kitandani ni neema.

Kwake, mashine ilianza na pawa saplai, lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Vijana wengi hufanya kinyume: humaliza fedha kwenye kadi ya grafiki, ile inayochora picha za mchezo, kisha huulizia sanduku lolote la bei rahisi. Nilikuwapo dukani alipoingia mmoja wa namna hiyo, akashika moja jepesi na kusema limeandikwa wati nyingi kuliko lile zito, na bei yake nusu. "Maandishi ni wino tu, mwanangu," fundi akamwambia. "Linunue, nami nitakupa sanda ya kadi yako." Kijana akacheka, fundi akamvutia kiti na kumweleza bila haraka. Jumlisha umeme unaoliwa na kadi na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kisha acha nafasi ya kutosha, kwa kuwa mchezo ukipamba moto kadi huvuta umeme kwa ghafla. Soma lebo ya ubavuni utafute nguvu ya laini ya volti kumi na mbili, maana ndiyo inayolisha kadi. Fedha zikiwa haba, punguza kadi, au chukua sanduku lililotumika la kampuni inayoaminika, likapimwa mbele yako, uache jipya lisilojulikana lilikotoka. Kijana akatoka na kadi ndogo kuliko aliyoiota.

Siku hiyo ndipo nilipomuuliza mbona vidole vya mkono wake wa kushoto vimepinda. Akanisimulia. Wanamgambo walipovamia visiwa vyao, walichoma nyumba, wakachukua mashua, wakawaua waliosimama milangoni. Yeye na mwamu wake, yaani kaka wa mkewe, wakahamia Kismayo na kufungua chumba cha michezo ya kompyuta, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mabati ili risasi za mtaani zisiingie. Adhuhuri moja kamanda wa wanamgambo akaja na kadi kubwa ya kuporwa, akaamuru aundiwe mashine ya kuchezea vita. Sokoni hapakuwa na pawa saplai ila moja, jepesi kama kopo tupu. Fundi akamwambia kamanda halitahimili, asubiri jingine kutoka Mombasa. Kamanda akamwekea bunduki kwenye paji la uso. "Nyinyi Wabajuni maneno yenu hayaishi," akasema. "Washa."

Mwamu akatabasamu ili kupoza mambo, akainama, akawasha yeye. Mchezo ukaanza, wapiganaji wakajazana nyuma ya kiti wakishangilia. Vita vya kwenye kioo viliposhika kasi, sanduku likapasuka kwa mlio mkali na mwako, na chumba kizima kikawa giza. Walinzi wa kamanda waliokuwa nje walisikia mlio huo, wakajibu kama walivyozoea: wakamimina risasi mlangoni. Mabati yalipong'olewa mwanga ukaingia, mpiganaji mmoja hakuwa na taya, na mwamu alikuwa sakafuni, kifua kimefumuka.

Kamanda akasema ni bomu la Wabajuni. Wakamvunja fundi vidole kwa kitako cha bunduki, wakamkalisha ukutani wammalize. Akaomba bisibisi. Kwa mkono mmoja, damu ikimtiririka, alilifungua lile sanduku na kuanza kuwaeleza kwa Kisomali: hapa umeme huingia, hapa huhifadhiwa, tazameni kidude hiki kilivyotumbuka, hamna baruti. Mwamu wake alikuwa akikoroma pembeni. Fundi akageuka amshike kichwa, mwamu akamkataza.

"Waeleze wao," akamwambia kwa Kibajuni chao, ambacho mtu huitwa mchu. "Mchu mmoja arudi kwa dada."

Akaendelea kueleza. Alipomaliza, kamanda alikuwa ameshusha bunduki, na mwamu alikuwa amekata roho. Baada ya maziko yeye na mkewe walivuka hadi kisiwa cha Kudha, na kutoka huko wakaingia Kenya.

Nimeyafikiria hayo tangu tulipotoka makaburini. Vita huua hata masikio: mji ukizoea bunduki, kila mlio hujibiwa kwa risasi, na hakuna anayeuliza kwanza ni nini kimelia. Lakini nadhani tabia iliyomuua mwamu ilianza kabla ya mlio, pale mwenye nguvu alipochukia kuambiwa "bado". Tabia hiyo haihitaji bunduki. Tunayo majumbani na maofisini, tunapomharakisha anayeijua kazi kwa sababu sisi ndio tunaolipa au tunaoogopwa. Basi wewe unayemuungia mwanao kompyuta, usivunjike moyo kwa uchache wa fedha. Mashine nzuri hujengwa kidogo kidogo. Ila fundi akikwambia sanduku hilo halifai, subiri, rudi nyumbani usubiri. Wako waliokufa kwa sababu mtu mmoja hakutaka kusubiri.