Oili ya Pikipiki ya Baba

Mimi si mtu wa kutulia. Hata chai huinywa nimesimama. Siku ile nilizunguka duka la spea pale Rongo kama kuku anayetafuta pa kutagia: naokota kopo la oili, nalirudisha, naokota jingine, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Baba alikuwa amenituma oili ya pikipiki yake. Pikipiki hiyo aliinunua akiwa bado bwana shamba, wakazeeka pamoja. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini kila wiki aliipiga teke akashuka nayo Homa Bay kununua samaki, kana kwamba Rongo hakuna samaki. Safari moja aliliona trekta la miwa likiwa limeshamfika puani. Akatumbukia mtaroni, akarudi na goti lililochubuka na hadithi kwamba dereva ndiye aliyekuwa kipofu.

Tuliogopa kwelikweli, mimi na kaka zangu. Lakini nani angemwambia alete ufunguo? Kwetu mtoto wa kiume hamwombi baba aliye hai kitu chake. Kumwomba ni kumwambia umechoka kungoja afe. Kwa hiyo kaka zangu walizunguka mbuyu. Walimwambia barabara imeharibika, petroli imepanda, polisi wamekuwa wakali. Baba aliitikia kila neno, kisha akaenda Homa Bay.

Fundi wa pikipiki ndiye aliyetupa wazo, bila kujua. Ni Mkuria wa Ntimaru, sisi ni Wajaluo, kwa hiyo tunaongea naye Kiswahili. Nilimuuliza ipi bora kwa pikipiki kuukuu, oili ya kawaida au ya sintetiki.

"Madam, sintetiki ni mzuri, lakini si kwa hii mzee," alisema. "Hii imekunywa ya kawaida maisha yake yote. Raba zimechoka, sasa uchafu ndio inaziba. Ukiweka sintetiki itaosha hiyo uchafu yote, halafu oili itaanza kuvuja. Mwenyewe asipoangalia, injini inakauka."

Jioni nikawasimulia kaka zangu kwa simu. "Si umwekee tu hiyo sintetiki," akasema yule mkubwa. "Ijifie yenyewe. La kuvunda halina ubani."

Wazo lilinikaa vizuri. Pikipiki ingekufa kifo chake, baba angebaki nyumbani na heshima yake, nami ningelala. Kesho yake nilifika dukani nimeshaamua, nikashindwa kulipa. Nikatoka, nikarudi kwa fundi kumuuliza kitu kimoja: injini ikikauka inazimika polepole au ghafla?

"Hiyo ni ghafla," alisema bila kuinua kichwa. "Pistoni inashika, tairi ya nyuma inafunga. Kama uko kwa mteremko, ni kuomba Mungu."

Ukitoka kwetu kwenda Homa Bay, njia inateremkia ziwani. Nilirudi dukani nikanunua makopo yote mawili, ya kawaida na ya sintetiki. Njia nzima nilikuwa nikiyahamisha kutoka mkono huu kwenda ule. Nilijikasirikia, nikawakasirikia kaka zangu walioko mbali na mikono yao safi.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, ameshaimwaga oili chafu kwenye karai. Niliyaweka makopo mbele yake. Akachukua moja, akalisogeza karibu na pua, akalipeleka mbali, akaligeuzia jua. Ilikuwa ile ya sintetiki.

"Nyara, hebu nisomee," alisema. Binti yangu. "Wameandika nini hapa?"

Ningeweza kumwambia lolote, naye angeimimina.

"Ni sintetiki," nikasema, na baada ya hapo sikuweza kujizuia. "Itavuja, Baba. Itaua injini, na labda itakuua na wewe. Tulitaka usiende tena Homa Bay."

"Tulitaka, wewe na nani?"

"Sisi wote."

Akaliweka kopo chini taratibu. Nilingoja anifokee, maana kufokewa ningekuweza. Hakunifokea.

"Kaka zako nawaelewa," alisema. "Akiniomba ufunguo mmoja wao, amenizika. Nikiacha mwenyewe, nimejizika. Lakini wewe umeolewa kwa watu, hapa hurithi kitu. Wewe ungeniomba, ningekupa. Tangu siku ya lile trekta nakungoja uniombe. Kila nikiipanda naogopa, na kila nikirudi wewe unaniuliza samaki ni bei gani."

Mambo mengi yalinijia mdomoni, mengine ya kujitetea, mengine ya hasira kuhusu hizo mila zetu na huko kutorithi kwenyewe. Nikayameza yote.

"Baba," nikasema, "nipe ufunguo."

Aliutoa mfukoni upesi kuliko nilivyotegemea, akanitilia kiganjani na kuufunga mkono wangu kwa mkono wake. Kisha akapapasa chini mpaka akalipata lile kopo jingine, la oili ya kawaida, akalisukumia upande wangu.

"Mimina wewe," alisema. "Mimi tundu lenyewe silioni."